Dawa ya Kwenye Filamu

Faidha alimfunga mdogo wake mguu kwa kamba ya katani, akamchanja kwa wembe, akainyonya damu na kuitema, kisha akakaa chini kusubiri apone. Hakupona.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alifanya kwa sababu aliona kwenye filamu, na filamu ile aliiamini kama alivyomwamini mwalimu wake wa darasa la sita.

Nyumbani kwao ni kijiji kimoja nje kidogo ya Chidya. Kila siku Faidha aliamka jua halijatoka, akafagia uwanja, akawahi foleni ya maji, ndipo akaenda shule. Korosho zilipoanza kudondoka, Jumamosi yote ilikuwa ya kuokota shambani na mama yake. Jumapili mchana ndiyo ilikuwa yake mwenyewe. Siku hiyo alikwenda kwenye banda la video la Sadallah.

Banda lenyewe si kitu cha kujivunia. Kuta za udongo, bati zilizotoboka, magunia madirishani. Ukiingia kutoka juani unakuwa kipofu kabisa. Halafu macho yanazoea, na pale mbele unaiona dunia. Milima imefunikwa barafu. Farasi mia wanakimbia kwa mpigo mmoja mpaka unahisi vumbi lao kooni. Uso wa mtu unajaa kioo kizima, na chozi linamtiririka taratibu, na watu wazima waliokuja na majembe yao wananyamaza kama wako msibani. Faidha hakuwa amefika hata Mtwara mjini. Lakini juu ya benchi lile alivuka bahari, akarudi nyumbani kabla ya magharibi.

"Funga mdomo, Faidha, nzi wataingia," alisema Bonifasi, mwanafunzi mwenzake.

"Waache waingie. Wewe tazama mbele."

Filamu ikiisha watu hawakuondoka upesi. Walibaki nje ya banda kubishana. Bonifasi aliapa kwamba hakuna filamu duniani inayoishinda ile ya wapiganaji wanaoruka juu ya mapaa. Tangu aione, alikimbia kila asubuhi mpaka njia panda na kurudi, na sasa shuleni hakuna aliyeweza kumkamata.

"Mimi ni ile ya baba mlevi," alisema Sadallah huku akikunja waya zake. "Mtoto anamsubiri mlangoni, baba harudi. Niliitazama mara moja tu. Nilitoka pale nikaenda kumwaga pombe yangu. Miaka kumi na mmoja sasa."

"Kwa sababu ya filamu?" Faidha aliuliza.

"Kwa sababu ya filamu. Shehe alisema, mke wangu alisema, sikusikia. Yule mtoto hakusema neno."

Faidha alitikisa kichwa kwa mshangao. Kama picha inaweza kumwachisha mtu mzima pombe, basi kuna jambo gani isiloliweza?

Yake aliyoipenda ilikuwa ya msichana wa msituni. Katika filamu hiyo mwindaji anaumwa na nyoka mguuni. Msichana anachana kitambaa chake, anamfunga mwindaji mguu kwa nguvu, anachanja, ananyonya sumu, anaitema. Muziki unapanda. Mwindaji anafumbua macho, anasimama, anaondoka na upinde wake begani. Faidha aliitazama mara nne, na mara zote nne nywele zilimsisimka. Alijua kwamba wale ni waigizaji. Alijua kwamba stelingi akipigwa risasi leo, wiki ijayo utamwona mzima kwenye filamu nyingine. Lakini dawa? Nani aigize dawa?

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mama yake alikwenda kuchota maji, akawaacha Faidha na Muharami wakiokota korosho. Muharami alikuwa na miaka saba. Alikuwa peku, akichakura majani makavu kwa vidole vya miguu huku akiimba. Mara akapiga ukelele.

Nyoka aina ya kifutu alikuwa amelala chini ya majani, mnene, rangi moja na udongo. Aliuma mara moja chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto, akarudi kujikunja kama hakuna kilichotokea.

Faidha alimbeba mdogo wake hadi kwenye mti mwingine. Moyo ulimwenda mbio, lakini hakuogopa sana, kwani alijua la kufanya. Alifungua kamba ya mzigo wa kuni, akamfunga chini ya goti, akakaza mpaka kamba ikazama kwenye nyama. Wembe wa kukatia kucha ulikuwa kwenye pindo la khanga yake. Muharami alilia kwa nguvu.

"Tulia. Nimeona inavyofanywa."

"Dada, nitakufa?"

"Stelingi hafi," alimjibu, na mtoto akajaribu kutabasamu.

Alichanja, akanyonya, akatema. Kisha akasubiri Muharami asimame.

Kwenye filamu, kusubiri kule ni kufumba na kufumbua. Pale shambani jua lilikaa palepale. Mguu ulianza kuvimba. Ngozi iling'aa, ikawa nyekundu, kisha ikaelekea weusi. Muharami aliacha kulia, akaanza kutapika. Faidha alikaza kamba zaidi. Barabara ya pikipiki ilikuwa karibu, hatua mia mbili hivi, na wapita njia aliwasikia. Hakumwita mtu. Alidhani dawa bado inafanya kazi.

Aliposikia sauti ya mama yake, hofu ndipo ilipomwingia. Alifungua kamba haraka, akaitupa kichakani.

"Mwanangu ana nini?" Mama alitupa ndoo.

"Nyoka, mama. Sasa hivi tu."

Mama alikimbia barabarani akipiga yowe. Aliyesimama alikuwa Sadallah na pikipiki yake. Walimpakia Muharami katikati, mama akimshikilia kwa nyuma, na Faidha akabanwa mbele juu ya tangi. Hawakusimama mpaka hospitali ya Mkomaindo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Evelina. Aliutazama mguu, kisha akaona alama ya kamba iliyozunguka chini ya goti.

"Nani amefunga hapa?"

Faidha alirudi nyuma hatua moja.

"Nauliza ili nimtibu, si ili nimchape mtu. Kamba ilikaa muda gani?"

Mama alimtazama Faidha. Sadallah alimtazama Faidha. Faidha aliitazama alama ile ya kamba. Angeweza kusema "kidogo tu," nao wangemwamini. Lakini Muharami alikuwa kitandani, macho yamemzama, na mguu ule haukufanana tena na mguu wa mtoto.

"Mimi, daktari. Nilidanganya. Aliumwa mapema. Kamba imekaa tangu watu wanarudi kutoka gulioni mpaka adhana ya adhuhuri ilipokwisha."

"Karibu saa mbili," daktari alisema. Hakupandisha sauti. Aligeuka, akaanza kutoa amri, na chumba kizima kikaanza kwenda. Faidha alisimama ukutani, akatazama. Waliutafuta mshipa mwembamba kama uzi kwenye mkono wa mtoto, wakaupata. Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka ilianza kushuka tone kwa tone. Daktari Evelina aliinama juu ya mguu ule muda mrefu mpaka jasho likamdondoka kidevuni, na hakuna muziki uliopanda. Faidha hakuwa amewahi kuona kitu kikubwa kama kile, hata kwenye banda.

Muharami alinusurika. Siku ya nne alimtambua mama yake na kuomba uji. Siku hiyo daktari alimwita Faidha nje, kwenye benchi. Sadallah alikuwapo, ameleta chakula.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Umejifunzia wapi kufunga kamba?"

Faidha alimweleza yote kuhusu msichana wa msituni. Sadallah aliinamisha kichwa.

"Basi filamu yenyewe ni yangu mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Banda nitalifunga."

"Usifunge kitu," alisema daktari. "Nilipokuwa na umri wa huyu binti, gari lilikuja shuleni kwetu Newala, wakatundika shuka jeupe uwanjani. Tulionyeshwa muuguzi anayezalisha mama kijijini. Uso wake ulikuwa mkubwa kuliko nyumba yetu. Sikupepesa macho. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba, mimi nitakuwa kama yule. Bila filamu ile nisingekuwa hapa."

"Sasa mbona mimi nimeumiza?" Faidha aliuliza, machozi yakimlenga.

"Kwa sababu filamu ilinitia hamu, haikunipa ujuzi. Ujuzi niliutafuta darasani miaka mingi. Yule mwindaji wako hakuumwa na nyoka, mwanangu. Walipomaliza kupiga picha alikwenda kula chakula. Mtu akiumwa na nyoka usimfunge kamba, usimchanje, usinyonye. Mtulize, asitembee, mbebe, kimbilia hospitali. Dakika ulizokaa kusubiri ndizo zilizokuwa dawa yake. Penda filamu upendavyo. Ila kabla hujaifuata, muulize anayejua. Na siku ile uliposema kweli pale ndani, ulinisaidia kuuokoa mguu. Ungenyamaza, ningekosea."

Sadallah aliporudi kijijini hakulifunga banda. Ila filamu ile ikifika pale kwenye nyoka, aliisimamisha, akawasha taa, akawaambia watu jinsi ya kumbeba aliyeumwa. Wengine walimzomea. Hakujali.

Tuseme gharama yake. Muharami alilala hospitali siku thelathini na nne. Shule aliikosa wiki saba, na mwaka uliofuata akarudia darasa la kwanza. Mama yake hakuokota korosho msimu ule baada ya Jumamosi ile. Zile zilizobaki chini zilinyeshewa na mvua ya kwanza, zikaota. Siku ya kumi na moja vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikatwa, kile kidogo na jirani yake. Muharami aliingia hospitali na vidole ishirini. Alitoka na kumi na vinane.