Jiwe la Bi Somoe

Mchwachuma walianza kazi asubuhi, na ilipofika adhuhuri karakana ya vitanda ya Mtaa wa Nne haikuwepo tena. Walitoka kwenye mfereji wa barabara kwa maelfu, vidude vya chuma visivyozidi punje ya mtama, wakapanda kuta. Wakala saruji, wakala bati, wakala hata misumari, na walichokila wakakitema papo hapo kikawa ghorofa jipya jeupe lenye madirisha na mabomba yake. Hapakuwa na vumbi wala kelele, ila mchakacho mdogo tu. Fundi mwenyewe alisimama kando na randa yake mkononi, akiangalia. Alikuwa amefunga karakana kwenda kuuguzwa, akachelewa kurudi, basi.

Mhandisi Mishi Kombo alikuwepo kushuhudia, maana ndiyo kazi yake katika Jiji la Fungujipya. Sheria ya jiji hilo haikuwa ngumu kuielewa. Jengo lililokuwepo kabla ya ramani mpya lilipewa haki ya ukongwe: liliachwa liendelee na kazi yake, hata kama kazi hiyo imeshapigwa marufuku mtaani hapo. Lakini halikuruhusiwa kupanuliwa, na likikaa mwaka mzima bila kufanya kazi yake, haki imekufa na mchwachuma wanakuja. Aliyeamua hakuwa mtu. Kilikuwa Kipimamji, ubongo wa mashine uliotandazwa chini ya jiji zima, uliohisi joto, uzito na maji ya kila jengo kongwe. Mishi ndiye aliyekifundisha kuhisi. Na kwa kuwa aliwajua binadamu na rushwa zao, alikijenga kisiwe na ufunguo wa mtu yeyote kukibatilisha, yeye mwenyewe akiwemo. Alipongezwa sana kwa hilo, eti!

Siku hiyo Kipimamji kilikuwa kimemletea taarifa ya ajabu kutoka nyumba ya kuoshea maiti ya Mtaa wa Saba: maiti aliyeoshwa alikuwa na joto.

Angeweza kutuma onyo tu. Lakini mama yake mzazi alioshwa pale, kwa mikono ya Bi Somoe, na jambo hilo Mishi hakulisahau. Akaenda mwenyewe.

"Hodi! Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kwa heri au kwa serikali?"

Bi Somoe alikuwa bibi mdogo wa umbo, mkavu, mwenye viganja vipana visivyolingana na mwili wake. Nyuma yake lilionekana jiwe la kuoshea, refu, lililochongwa mfereji wa kupitisha maji. Majani ya mkunazi yalianikwa kwenye ungo. Hakuna maiti aliyeletwa tangu mwaka jana, kwani hospitali zote sasa zilikuwa na kabati la ukungu: mwili unaingia upande huu, ukungu unaosha, upepo unakausha, sanda inajifunga yenyewe, na unatoka upande wa pili kabla hujamaliza kikombe cha chai. Mashekhe walibishana weee, mwisho wakachoka.

"Bi Somoe, jana palioshwa mtu hapa?"

"Palioshwa."

"Nani?"

Bibi akajaribu kunyamaza, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Hilo dude lenu nalo kwa kusengenya! Mimi, mwanangu. Nililala juu ya jiwe nikajimwagia maji. Kwani nimemwibia nani?"

Mishi hakujua acheke au alie. "Uzito ulikuwepo, maji yalikuwepo. Lakini maiti alikuwa na joto la mtu aliye hai. Kimekataa. Mwaka wako unaisha Ijumaa, Bi Somoe, na mimi sina namna ya kukuombea. Kilikataa kwa sababu ya joto."

"Kumbe shida ni joto tu," alisema Bi Somoe, kama mtu aliyeambiwa chumvi imezidi kwenye mchuzi.

Kisha akakaa kwenye kibao cha mbuzi, kicheko kikamwisha usoni. "Wanangu wawili walipitishwa kwenye kabati lenu, ile ajali ya treni ya juu. Mimi, mwosha wa mji mzima, nikakabidhiwa vifurushi viwili vimefungwa vizuri. Sikuwagusa, Mishi. Sikuwagusa hata kidole. Wakiila nyumba hii hapafunguliwi nyingine, ramani yenu hairuhusu. Na mimi sitaki kuoshwa na kabati. Nataka mkono wa mtu."

"Naelewa, Bi."

"Huelewi. Njoo kesho nikufundishe kuosha, ndipo utaelewa."

"Kazi zimenibana. Wiki ijayo, inshallah."

"Wiki ijayo nitakufundishia wapi?" Bi Somoe akainuka kumtilia chai. Hawakulizungumza tena.

Alhamisi asubuhi simu ililia. Ilikuwa sauti ya Bi Tabu, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyezoea kumsaidia Bi Somoe kuchota maji. Alilia hata maneno hayakusikika vizuri. Mishi alisikia moja tu, barafu, akatoka mbio.

Alimkuta Bi Somoe juu ya jiwe, chali, kanga zimelowa, mikono ameikunja kifuani kama alivyowakunjia wengine maisha yake yote. Ndoo ilikuwa kando, na ndani yake vipande vya barafu vilikuwa bado vinaelea.

"Alikuja kuniomba barafu," Bi Tabu alisema huku akikohoa, kifua kikimkereketa. "Nikampa yote iliyokuwemo kwenye friji. Nikasema huyu ana wageni, anataka juisi ya baridi. Kumbe! Ningejua, Mishi, wallahi ningejua!"

Mishi hakumwambia ni nani aliyemfundisha bibi habari za joto. Alimgusa Bi Somoe shavuni kwa mara ya kwanza, akaondoa mkono haraka, kisha akaurudisha na kuuacha hapo.

"Tupige simu hospitali?" Bi Tabu aliuliza.

"Hapana. Tutamwosha sisi."

"Mimi najua kumimina tu. Wewe umejifunza lini?"

Hakujifunza. Lakini miaka kadhaa alikuwa ameitazama kazi ile kwenye kioo cha Kipimamji, kama uzito na mtiririko wa maji: kwanza mwili unainuliwa kidogo, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, maji ya mkunazi, maji matupu, mwisho maji ya karafuu maiti. Alizijua namba, sasa akazitafutia mikono. Walimfunika bibi kwa shuka, wakamvua nguo zilizolowa chini yake. Bi Tabu alimimina na kukohoa, Mishi akaosha na kulia. Alishangaa jinsi bega la mtu lilivyo jepesi. Walipomaliza kumkausha na kumvika sanda, alimwomba radhi sikioni, kwa sauti ya chini ili Bi Tabu asisikie.

Mlangoni, kibao cha Kipimamji kilichokuwa chekundu tangu mwanzo wa wiki kikageuka kijani. Kikasema kwa ile sauti laini aliyokichagulia yeye: "Matumizi yameendelea. Haki ya ukongwe imehuishwa kwa mwaka mmoja."

Moyo wa Mishi uliruka kwa furaha, naye akaona haya. Nyumba imepona! Angeacha kazi ya jiji, angekaa hapa, angekuwa mwosha. Asingekubali waile nyumba hii, hata iweje. Ila mwaka mmoja si mrefu, na maiti hawaji.

Bi Tabu alikuwa ameegemea ukuta, anahema, kanga mdomoni. Kikohozi kilimshika tena, kikamtikisa kwa muda mrefu, kikamwachia machozi.

"Kifua hiki, mwanangu," alisema, "mwaka huu sidhani kama nitaumaliza."

Neno la kumjibu lilikuwa tayari, lile analolisema kila mtu: Mungu aepushe. Mishi alifungua mdomo alitamke, lakini halikutoka, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshampima yule bibi kuanzia kichwani mpaka miguuni, na alikuwa anakadiria uzito.