Nukta Nyeupe Juu ya Bolti

Kila Jumamosi, akishafua sare yake ya shule na kuianika, Chapuchapu alikwenda karakana ya shangazi yake. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, maana hata maji aliyanywa kama anafukuzwa. Alifagia, akapanga spana kwa ukubwa, wakaomba dua fupi, ndipo kazi ikaanza.

Shangazi alikuwa fundi wa betri za umeme wa jua. Ndani ya kila betri mlikuwa na seli nne za lithiamu, na kila seli ilikuwa na ncha mbili zenye matundu ya bolti. Karakana ile ilikuwa na desturi yake: aliyekaza bolti aliitia nukta ya rangi. Ya shangazi nyekundu, ya Chapuchapu nyeupe. Maana yake, "Hii nimeikaza mimi, naijibia."

Jumamosi moja walikuwa na betri ya mkunga, inayowasha taa za chumba cha kujifungulia.

"Kaza mpaka ikatae, kisha iache," shangazi alisema, akaenda uani kunawa mikono.

Bolti ya mwisho ilikataa. Chapuchapu akaiongezea nguvu kidogo. Ikalia krr! halafu ikawa inazunguka bure. Meno ya ndani ya ncha, yanayoishika bolti, yalikuwa yameng'oka.

Binamu yake, aliyekuwa akifanya hesabu za shule pembeni, akainua kichwa. "We! Umeua?"

"Andika hesabu zako huko!"

"Haya, mimi simo."

Chapuchapu akatia gundi tunduni, akairudisha bolti. Akashika brashi. Mkono ukasita. Kisha akatia nukta nyeupe.

Shangazi aliporudi alizitazama nukta zote, akapima umeme kwa mita. Ilisoma sawasawa, kwani bolti mbovu huweza kujificha mpaka taa ziwashwe. Mara mkunga akabisha hodi, akaingia, akaiinamia betri yake.

"Mwanangu, nukta hizi nyeupe ni zako?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu aibariki mikono yako. Nikishapokea kichwa cha mtoto siwezi kuinuka nikaguse nyaya."

Shangazi akashika betri upande mmoja, mkunga upande wa pili. Walipofika kizingitini, jua likaipiga ile nukta. Chapuchapu akawakimbilia.

"Shangazi, ishusheni! Nukta moja ni ya uongo."

Betri ikashushwa. Akaeleza yote, machozi yakimtoka. Shangazi hakugomba. Aliunganisha taa, zikaanza kupepesa.

"Gusa kwa mgongo wa kidole."

Chapuchapu aliurudisha mkono upesi. Ncha ilikuwa ya moto.

Mkunga akavuta kiti. "Mjamzito niliyemwacha bado ana saa kadhaa kabla ya kujifungua. Tengenezeni, nawasubiri."

Shangazi aliitoa seli, akaifunika ncha ya pili kwa plastiki, wote wawili wakavaa miwani. Akachukua keekee ya kutobolea, akaifunga utepe karibu na makali yake. "Utepe ukifika hapa tunaacha. Tukizidi tumeitoboa seli, na lithiamu haina utani." Akatoboa kidogo tu, akampa Chapuchapu chombo cha kuchonga meno mapya. "Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Usiilazimishe."

Chapuchapu alizungusha taratibu, akitoa chembe za chuma kwa brashi, jasho likimtiririka puani.

"Jamani, leo kawa Polepole!" binamu akasema. Hata mkunga alicheka.

Wakatia bolti nene kidogo, wakarudisha seli mahali pake, wakawasha taa zote kwa nusu saa. Hazikupepesa. Chapuchapu akagusa tena: baridi.

Alipopewa brashi, hakutia nukta. Alichukua spana kwanza, akazipitia bolti zake zote upya, moja baada ya moja, mkunga akimtazama bila kumharakisha. Ndipo akatia rangi.

"Kung'oa meno ya ncha hata mimi kumenipata," shangazi alisema. "Bolti isiyo na nukta ningeikagua. Lakini ulipoitia nukta, uliniambia nisiitazame, nami nikakuamini. Mwanangu, ukiharibu, acha bila nukta, uniite. Tutatengeneza pamoja. Na leo umeniita kabla betri haijavuka mlango, hilo nalo nimeliona."

Kisha akamwambia mkunga, "Shika upande huo, dada." Mkunga akatikisa kichwa.

"Upande huu ashike mwenye nukta," alisema, akampisha Chapuchapu.