Bunduki na Mtunzaji Wake

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Harub alipoitia mafuta fanusi yake, akamuaga mama yake, akatoka Matrah kwenda Maskati kuthamini bunduki. Fanusi ilikuwa ya lazima. Mwaka ule wa sitini na saba, mzinga wa usiku ukishalia milango ya mji hufungwa, na mtu asiye na taa mkononi hulala korokoroni. Harub hakuwa na hamu ya kulala korokoroni.

Zisikutishe hizo bunduki. Zilikuwa za upepo tu, zile kongwe za kupampu. Unavuta mkono ulio chini ya mtutu, unaurudisha, unauvuta tena, mpaka upepo ushibe ndani, kisha unampiga ndege, au unamkosa. Watu walimcheka Harub kwa kuzipenda. Lakini wenye kuzikusanya, na Maskati walikuwepo wachache wenye wazimu huo, hawakununua hata moja kabla Harub hajaishika. Akisema nzima, ni nzima. Akisema mbovu, hata mwenyewe huona haya kubisha.

Kazi hiyo aliianza Unguja na mdogo wake, Thabit. Harub akithamini, Thabit akitengeneza. Baada ya mapinduzi walikuja Oman pamoja na mama yao, Bi Kheiria, na mwaka wa pili tu homa ikamchukua Thabit. Harub alimuosha kwa mikono yake mwenyewe, akamlaza kaburini. Bi Kheiria hakulia. Alisema, "Mlichozika si mwanangu." Ukiwa mtu wa Unguja au mtu wa Oman, huna haja ya kufasiriwa maneno hayo: mtu amechukuliwa na wachawi, na kilichomo kaburini ni gogo la mgomba. Harub aliona ni uchungu tu unaomsemesha mama. Yeye alimpenda Thabit kuliko nafsi yake, na alishajilazimisha kukubali.

Nyumba ya Sheikh Sleyum ilikuwa ndani ya ukuta wa mji, karibu na Bab Kabir, lango kuu. Alikuwa mzee mtaratibu aliyepata kukaa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Chumba kilijaa moshi wa ubani hata macho yakamuwasha Harub. Bunduki tano zimepangwa juu ya mkeka. Pembeni alikaa mtu kutoka Oman ya ndani, kilemba kimemfunika mpaka puani.

"Mnunuzi huyo," Sleyum alisema kwa sauti ya chini. "Hajui Kiswahili. Nitamfasiria mimi."

Nyuma ya pazia kulikuwa na sauti.

Kss... kss... kss...

Mtu alikuwa anapampu. Polepole, bila ya kupumzika.

"Nani yule?" Harub akauliza.

"Mtunzaji wangu. Hakuzoea watu. Wewe fanya kazi yako."

Harub akaifanya. Akaigeuza shaba kwenye mwanga, akazigonga mbao kwa ukucha. Kila bunduki aliikuta imeachiwa upepo kidogo ndani, akastaajabu. Bunduki ya namna hii ikiwekwa tupu, ngozi yake ya ndani, iliyo kama ile ya pampu ya baiskeli, huharibika, na wengi huziua hivyo kwa kutojua. Huyu alijua. Harub akazishibisha zote, akaziacha zikae, maana lazima uone kwanza kama zinavuja. Upepo huutoa mwisho. Akatega sikio. Hakuna hata moja iliyovuja.

Akaingiwa na furaha ya fundi aliyekutana na fundi mwenzake. Na hapo, masikini, akafungua mdomo.

"Sheikh, thamani ya bunduki hizi haimo kwenye chuma. Imo kwa anayezitunza. Mwenye kuzitaka azichukue pamoja na mtunzaji wake. Bila ya yeye, hizi ni za kuegemezea mlango."

Alikuwa anasifu tu. Ndivyo tunavyosema sote tukipendezwa na kazi ya mtu.

Sauti nyuma ya pazia ikanyamaza.

Sleyum akamgeukia yule mgeni, akamfasiria kwa Kiarabu neno kwa neno. Mgeni akainamisha kichwa. Akatamka neno moja, lile la mtu anayefunga biashara, au ndoa.

"Qabilt."

Nimekubali.

Harub akacheka kidogo, kwani hakuelewa. Akaichukua bunduki ya kwanza, akaukinga mtutu kwa kiganja, akafyatua. Upepo ukatoka, ukapanda mpaka puani kwake, ukaupita hata ule ubani.

Mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu.

Hakuna fundi anayetia ngozi ya bunduki mafuta hayo. Yakipata baridi huganda. Thabit peke yake ndiye aliyekuwa akiyatia, kwa ukaidi, na ndugu hao waligombana kwa hilo mpaka Bi Kheiria akaja kuwaamua. Harub akafyatua ya pili. Akafyatua ya tatu.

Nazi na karafuu.

Mkono ukatoka chini ya pazia kuipokea bunduki. Ukucha wa gumba ulikuwa umepasuka katikati, kama wa Thabit tokea siku aliyobanwa na pampu.

"Thabit," Harub akanong'ona. "Thabit... mimi kaka yako."

Mkono ukasita.

"Bwana," sauti ya Thabit ikasema, "imebaki na upepo?"

Bwana. Kama anavyoitwa mtu aliyepita dukani kuuliza bei.

Harub alitaka kulipasua lile pazia, amkumbatie, ambebe mgongoni mpaka kwa mama yao. Hofu ikamzuia. Akaanza kusoma Ayatul Kursiyu, aya anayoijua tokea chuo cha Kurani, ikamkatikia katikati. Akairudia. Ikamkatikia pale pale.

"Nnamtaka mimi," akasema. "Chochote utakacho nitakupa, sheikh. Niuzie mimi."

"Ungelisema mapema, mwanangu." Sleyum alisema kwa upole, na upole ule ulimtisha Harub kuliko vyote alivyoviona. "Mtu wa namna hii siwezi kumuuza nikipenda mimi. Mpaka ndugu yake wa damu aitaje thamani yake kwa ulimi wake, kwa hiyari yake, mbele ya mnunuzi. Mwaka mzima nilikuwa nnatafuta njia ya kukuleta hapa."

Ngoma ikaanza kulia ngomeni, ile inayoutangulia mzinga.

Mgeni akatoka mbele na punda wake, bunduki zimefungwa ndani ya mkeka. Nyuma yake alikwenda mtu aliyejitanda shuka, hana taa. Harub akajikokota akawafuata. Walipofika langoni akamshika mlinzi mkono.

"Yule wa nyuma hana taa. Mzuie. Nakuomba, mfunge."

Mlinzi akaangalia. Akaangalia tena.

"Namuona mtu mmoja na punda wake," akamjibu. "Nenda zako kwenu, ndugu yangu."

Mzinga ukalia. Lango likafungwa nyuma yao.

Wakapita Matrah bila ya kusimama, wakashika njia ya Wattaya, ile inayokwenda ndani ya nchi. Harub akaita mpaka koo likamkauka. Akakimbia, na kadiri alivyokimbia wale walikuwa mbali vile vile, wala hawakuharakisha. Mwishowe asiwaone tena. Akabaki kusikia tu...

Kss... kss...

Kisha na hiyo ikakatika. Harub akakaa barabarani, akalia kama mtoto.

Aliporudi nyumbani alimkuta Bi Kheiria yuko macho, anamngojea.

"Mbona umechelewa, baba? Kazi ilikuwaje?"

Harub hakuweza kumtazama. Atamwambia nini? Kwamba mama alisema kweli, kwamba mwanawe hakufa, na kwamba aliyempoteza mara hii ni yeye Harub, kwa ulimi wake?

"Bunduki tu, mama. Za sheikh mmoja wa Maskati."

"Zimepata mtu wa kuzichukua?"

"Zimepata."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Kheiria.