Mwanamke Aliyemsuka Loredana

Limau na chumvi. Hicho tu ndicho alichotaka mdogo wangu Loredana jioni ile. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na mwenye mimba hanyimwi.

"Dada, nitakufa nisipolamba limau," alisema huku akilishika tumbo lake.

"Utakufa wewe au atakufa anayetumwa?" alidakia mumewe, Pasquale, aliyejinyoosha kibarazani kama kenge anayeota jua. "Ersilia, shemeji yangu mpenzi, nenda wewe. Mimi kona za barabara hii zimenimaliza. Hata nikikaa, naona ukuta unakata kona."

Nikacheka, nikachukua kikapu, nikatoka.

Tulikuwa tumeshuka kutoka kwetu Benevento, milimani, kuja kupumzika siku chache kwenye pwani ya Cilento kabla mtoto hajazaliwa. Loredana alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Hii ya tatu hatukuwa tukiitaja kwa sauti, kama mtu anayebeba yai mkononi kwenye umati. Na siku zilikuwa njema, sikufichi. Tulizunguka pwani yote bila haraka. Tulisimama kwenye kila mnara wa mawe waliojenga wazee wa zamani kuchungulia maharamia. Tuliteremka ngazi hadi kwenye vighuba ambako maji ni maangavu hata unaona kivuli cha samaki mchangani. Tulikula dagaa wa chumvi kwa mkate. Mabega ya Pasquale yaliungua yakawa mekundu kama nyanya, naye akawa anaomba huruma kwa kila mpita njia.

Tulifikia Cala Serrone, kijiji kidogo kilichoning'inia kwenye jabali. Bi Ermelinda, mjane mpole wa maneno machache, alitupangisha vyumba viwili juu ya bahari.

Duka lilikuwa upande wa pili wa kijiji. Nilinunua malimau, nikarudi kwa njia ya jabalini. Jua lilikuwa limeshazama, na bahari imekuwa rangi ya risasi. Popo walikuwa wameanza kutoka. Kengele ya kanisa ililia, ikanyamaza.

Baada ya kengele, kimya.

Hakukuwa na mbwa, wala redio, wala mama anayeita watoto kula.

Kisha nikasikia.

Chwaa... chwaa... chwaa...

Sauti ya kitana kikipita kwenye nywele. Na harufu ikaja nayo. Maganda mabichi ya jozi, harufu chungu inayokaa mkononi siku nyingi. Kwetu Benevento ndiyo harufu ya vuli. Lakini pale pwani sikuwa nimeuona hata mti mmoja wa jozi.

Nilipopinda kona niliwaona. Loredana alikuwa amekaa kwenye benchi la mawe nje ya lango, macho ameyafumba. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye gauni jeusi. Alikuwa anamsuka. Nywele zake mwenyewe zilikuwa ndefu, zimelowa, zimemfunika uso wote.

"Habari za jioni," nikasema.

Hakugeuka.

"Nywele nzuri," alinong'ona. "Na tumbo zuri..."

"Loredana, mumeo yuko wapi?"

"Yuko ndani," mdogo wangu alijibu kwa sauti ya mtu aliye usingizini. "Usimsumbue mama wa watu, dada. Ana mikono myepesi..."

Limau moja likadondoka kutoka kikapuni, likabingirika. Niliinama kuliokota. Nilipoinuka, Loredana alikuwa peke yake.

Kutoka kwenye kona ile njia imenyooka. Kushoto ukuta. Kulia jabali, na chini yake bahari.

Mwanamke hakuwapo.

Tulipoingia ndani nikamkatia Loredana limau, nikalitia chumvi. Alilitazama tu.

"Sina hamu tena," akasema, akaenda kulala.

Nywele zake zilikuwa zimesukwa mikia midogo mingi, imebana kama kamba za meli. Bi Ermelinda alikuja kuleta mashuka. Aliiona ile mikia. Aliweka mashuka kitini, akafanya ishara ya msalaba, akatoka bila kusema usiku mwema.

Asubuhi Loredana aliamka amekonda uso. Ndiyo, kwa usiku mmoja. Mashavu yalikuwa yamebonyea.

"Dada," alininong'oneza ili Pasquale asisikie. "Mtoto hachezi."

"Amelala."

"Hajacheza tangu jana jioni."

Nilijaribu kuifungua ile mikia. Vidole vyangu havikupata mwanzo wala mwisho. Nikachukua mkasi, nikakata ncha ya mmoja, ncha tu. Loredana alipiga yowe, akajikunja, mikono yote miwili tumboni.

Mkasi ukaniponyoka.

Pasquale alikuja mbio na sabuni ya kunyolea usoni. Safari hii hakutania. Alimbeba mkewe hadi garini, tukashuka mjini kwa daktari. Daktari alipima, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Moyo wa mtoto unapiga," alisema. "Ila polepole. Mama apumzike. Mleteni tena jioni, na ikibidi tutamlaza."

Tulipotoka, mtu wa boti tuliyekuwa tumepatana naye atupeleke kuona pango la maji ya buluu alikuwa gatini akitusubiri. Pasquale alimwendea kumwomba radhi. Yule bwana alimwangalia Loredana ndani ya gari, na tabasamu likamfutika usoni.

"Nani amemsuka mkeo?"

"Mwanamke mmoja hapo kijijini. Kwa nini?"

"Hata mngetaka kwenda, nisingempakia," alisema, akaanza kufungua kamba ya boti.

"Kaka, mke wangu anaumwa, wewe unaniletea mizaha?"

"Sina mizaha. Mwondoe mahali hapa."

Akawasha injini. Hakutazama nyuma.

Hapo nililiruhusu lile neno linijie kichwani, neno nililokuwa nalikimbia tangu jana.

Janara.

Kwetu Benevento mtoto humjua janara kabla hajajua kusali. Mchana ni mwanamke kama wewe na mimi. Ananunua mkate, anakusalimia. Usiku hukusanyika na wenzake chini ya mti wa jozi. Saa zake zikifika hupita chini ya mlango kama upepo. Huingia mazizini akasuka manyoya ya shingo ya farasi, na farasi aliyesukwa hukonda, hukonda, hadi anakufa amesimama. Bibi yetu alituambia dawa yake ni moja. Umkamate nywele. Naye atakuuliza, umeshika nini mkononi? Ukijibu nywele, umekwisha, kwa kuwa atasema, basi nami nateleza kama samaki mkunga, na atakwenda zake na alichokuja kuchukua. Ujibu chuma. Ukisema chuma, hawezi kutoka mpaka umwachie.

Nilimweleza Pasquale njiani. Alishika usukani kwa nguvu.

"Shemeji, hizo ni hadithi za kututisha tulale."

"Basi zifuate kama hadithi. Ukiulizwa, sema chuma."

Tulikusudia kufunga mizigo tuondoke. Lakini Loredana aliposhuka garini miguu ilimkataa. Tukamlaza kidogo apate nguvu. Ikawa adhuhuri.

Watu wa kusini wanaiogopa saa ile kuliko usiku. Jua limesimama utosini, madirisha yote yamefungwa, kijiji kizima kimelala baada ya chakula. Hakuna kivuli nje. Bibi alikuwa akisema wafu hawahitaji giza, wanahitaji tu watu wasiwepo.

Pasquale alikaa kitini mlangoni pa chumba kulinda. Mimi nikaingia jikoni kuchota maji. Yalikuwa maji tu, glasi moja.

Nikasikia mkoromo wa Pasquale.

Halafu nikasikia kitu kingine.

Chwaa... chwaa...

Harufu ya jozi ilijaa nyumba nzima.

Nilimruka Pasquale pale kitini. Chumba kilikuwa na giza la madirisha yaliyofungwa, ila mistari ya jua ilipenya katikati ya mbao ikaangukia kitanda. Na kwenye ile mistari nilimwona. Amekaa ubavuni mwa Loredana. Mkono mmoja ulikuwa kichwani mwake, unasuka. Wa pili ulikuwa juu ya tumbo.

Ulikuwa umezama.

Sijui niseme vipi. Vidole vilikuwa ndani mpaka kwenye maungio, kama mtu anayetafuta kitu kwenye ndoo ya maji. Hapakuwa na damu. Loredana alikuwa anatabasamu usingizini.

Sikufikiri. Nilirusha mikono yote miwili nikazikamata zile nywele, nikazizungusha viganjani. Zilikuwa baridi na zinateleza.

Yule mwanamke hakupiga kelele. Alitulia tu.

"Ersilia," alisema taratibu. "Umeshika nini mkononi?"

Ilikuwa sauti ya mama yetu. Mama aliyekufa Loredana akiwa bado anatambaa, mama niliyemfunga mimi mwenyewe kitambaa cha kidevu.

"Ersilia, mwanangu... unaniumiza. Umeshika nini?"

Vidole vikaanza kulegea, haki ya Mungu vilianza kulegea.

"Shemeji?" Pasquale alikuwa amesimama nyuma yangu, macho yamevimba usingizi. "Unafanya nini hapo? Mbona umeshika ny—"

Nilimpiga teke la goti bila kugeuka.

"Chuma!" nikapiga kelele. "Nimeshika chuma! Sema, Pasquale! Sema!"

"Chu... chuma," alisema. "Chuma, Mama Maria, chuma!"

Zile nywele zilikaza mikononi mwangu, nzito, kavu, zikanichoma kama nyaya zilizoachwa juani. Sauti ya mama ikatoweka. Iliyobaki ilikuwa ya kukwaruza.

"Niachie."

"Fungua ulichofunga."

"Utaniachia kwa hiari yako?"

"Fungua kwanza!"

Mkono ulitoka tumboni polepole. Kisha nikaona mikia ikijifungua yenyewe, mmoja baada ya mwingine, nywele za mdogo wangu zikamwagika juu ya mto wa kitanda. Loredana alivuta pumzi kubwa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Na kwenye tumbo lake, chini ya gauni, nikaona unyayo mdogo ukisukuma.

Mtoto alikuwa amepiga teke.

"Sasa sema," alinong'ona. "Kwa hiari."

Nilikuwa nalia. Ningesema lolote.

"Nakuachia kwa hiari yangu."

Akacheka. Kicheko kidogo, cha chini, cha mtu aliyepata zaidi ya alichokuja kutafuta.

"Basi huyu aliye tumboni ni wangu kumlinda. Yeye na watakaotoka kwake. Hakuna atakayemgusa."

Upepo ulipita miguuni mwangu, ukaenda chini ya mlango. Mikononi nilibaki na majivu.

Pasquale mpaka leo anasema hakumwona mwanamke. Anasema aliniona nimeshika fungu la nywele lililoning'inia hewani, na halikuwa na kichwa.

Tuliondoka saa hiyo hiyo, Loredana akitembea kwa miguu yake na kudai limau. Bi Ermelinda alitusindikiza langoni. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami, lakini alikuwa amejifunga kitambaa kizito kichwani, hata unywele mmoja hauonekani. Nikamkazia macho. Ndiye. Bila shaka ni yeye.

Kisha gari likapita uwanja wa kanisa. Mwanamke wa dukani alikuwa amejifunga kitambaa. Muuza mikate naye amejifunga. Wasichana wawili pale kwenye bomba, na bikizee dirishani, na mama mwenye mtoto mgongoni. Wanawake wote wa Cala Serrone walikuwa wamefunika vichwa vyao, wamesimama kimya wakitutazama tukipita.

Hakuna aliyetupungia mkono.

Noemi alizaliwa mnono, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mwaka wa kwanza nilishukuru, nikajisemea bibi yetu alituachia urithi mkubwa kuliko shamba.

Hajawahi kuugua. Hata mafua.

Mbwa wa jirani alimbwekea alipoanza kutembea. Asubuhi alikutwa amekufa, bado amesimama, ameegemea ukuta. Kwenye shule ya chekechea, mtoto mwenzake alimsukuma akaanguka. Juma halijaisha nywele zote za yule mtoto zilikuwa zimedondoka. Mwaka jana Noemi alichezea moto wa jiko, na Pasquale akamchapa kofi dogo la mkono, kofi la baba. Vidole vya mkono wake wa kuume havijakunjika tangu siku hiyo. Madaktari wanasema ni mishipa. Pasquale hatanii tena. Hukaa kibarazani akiuangalia mkono wake, na binti yake akipita hujisogeza kumpisha.

Loredana hajui. Alilala muda wote ule, nasi hatujathubutu kumwambia. Anadhani amejaliwa mtoto mwenye bahati.

Jumapili iliyopita nilimchukua Noemi kununua maziwa. Mpira ulimponyoka, akaukimbilia barabarani. Lori lilikuwa linakuja. Nilimvuta kwa mkono, nikamfokea kwa hofu iliyonijaa.

"Mtoto mjinga wewe! Unataka kufa?"

Hakulia. Alinitazama kwa huruma, akanivuta nguo niiname, akaniwekea mdomo sikioni.

"Mama mkubwa," alinong'ona. "Omba msamaha. Haraka."

Nilipiga magoti pale pale, kando ya barabara, mbele ya watu waliotoka kanisani. Nikaomba. Nilisema nimekosa, nimekosa, sitarudia.

Noemi alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa ameinua macho, anasikiliza kitu nyuma ya bega langu. Akatikisa kichwa kukubali.

"Haya," akaniambia. "Amesema leo basi."