Zhashkiv Imo Ndani ya Mpaka

Hamissi hakuwa na diploma. Hakuwa na pikipiki, hakuwa na baba, hakuwa na shati lisilo na doa la rangi. Hakuwa na pasipoti wala mjomba wa kumwita Ulaya. Na tabia ya kuuliza jambo mara ya pili, hiyo nayo hakuwa nayo, ndiyo maana mambo yakawa kama yalivyokuwa.

Alichokuwa nacho ni mkono. Buyenzi nzima, mtaa wake pale Bujumbura, hakuna aliyechora ramani kama yeye: ramani za darasani, juu ya turubai, mito kwa buluu, mipaka kwa nyekundu. Siku moja ya mwaka 2019 alikuwa amebeba mbili begani, akijipenyeza kati ya watu waliojazana mbele ya duka la fotokopi kule Rohero, katikati ya jiji. Akageuka ghafla, na ncha ya Burundi ikamgonga msichana utosini. Mtandio wake wa rangi ya zabibu ukaanguka, karatasi zake zikatawanyika chini ya viatu vya watu.

"We kaka," akasema msichana akijishika kichwa, "ni provensi gani imenipiga?"

Hamissi akaitazama ncha, pale penye mkoa wa kusini kabisa. "Makamba."

"Basi Makamba iniombe radhi."

Akiokota zile karatasi ndipo alipojua kwamba msichana anaitwa Amira, binti wa Mama Mwanvua, fundi cherehani, na kwamba baada ya miezi mitatu anakwenda Ukraine, mji wa Uman, kusomea kilimo cha matunda. Miezi hiyo mitatu waliitumia yote. Alipoondoka, Hamissi alitafuta atlasi kuukuu kwa wauza vitabu, akaichora wilaya ya Uman juu ya turubai, akaitundika mbele ya meza yake ya kazi, ajue mpenzi wake anakanyaga wapi.

Hapo ukazaliwa mchezo wao wa simu.

"Mto gani unapita mujini kwako?"

"Umanka."

"Na kaskazini, wilaya ya jirani?"

"Mankivka. Ukiipita, Zhashkiv."

"Umefaulu, malkia."

"Na zawadi yangu?"

"Mahari."

Amira alikuwa akicheka mpaka simu inakwaruza. Walikubaliana: akimaliza masomo, wazee watumwe.

Mwaka 2021 Yahaya, kijana wa mtaani aliyekuwa akisoma Kyiv, alikuja likizo. Kwenye chai akataja, bila nia mbaya, kwamba alimwona Amira kule Zhashkiv, kwenye nyumba nyeupe yenye bustani ya matufaha, akifungua mlango kama mtu aliye kwake. Hamissi alirudi kwenye turubai yake. Zhashkiv ilikuwa nje ya mstari mwekundu, wilaya peke yake, zaidi ya kilomita sitini kutoka mjini Uman. Akapiga simu.

"Amira, uko wilaya gani?"

Amira alidhani ni mchezo uleule. "Wilaya ya Uman, sheri wangu. Nipe ngumu kidogo."

Hamissi akakata. Akaifungia namba yake, hata ujumbe usipite. Mama Mwanvua alikuja mara mbili kwenye karakana. Mara ya kwanza Hamissi alimwambia ana kazi, mara ya pili alijificha nyuma ya turubai. Vita vilipoanza kule Ukraine, akasikia Amira amevuka kuingia Poland. Siku hiyo alilia akiwa amewapa watu mgongo, lakini kiburi chake hakikuinuka kitini.

Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka kumi na minane hadi mitano. Ramani zote za shule zikazeeka kwa siku moja, na Hamissi akapata kazi kama hajawahi. Léocadie, mwalimu wa shule ya mtaa wa Mutakura, alikuja kuchukua yake. Akaitazama akitikisa kichwa.

"Mi nimezaliwa Rutana. Leo naambiwa ni mkoa mpya wa Burunga. Na kitanda nilichozaliwa hakijahama."

Hamissi alicheka naye. Kisha brashi ikasimama mkononi mwake. Akamwomba mwalimu atafute kwenye simu yake kama Ukraine nako waliwahi kufanya hivyo. Léocadie akasoma polepole: Julai 2020, mkoa wa Cherkasy, wilaya ishirini zikawa nne. Uman ikameza Khrystynivka, Monastyryshche, Mankivka na Zhashkiv.

Mwaka mzima kabla ya ile simu.

Alikwenda kwa Mama Mwanvua bila kunawa rangi. Akamweleza yote akiwa amesimama. Mama hakusimamisha cherehani mpaka mshono ukaisha.

"Shule ilimutuma kule kwa mazoezi," akasema. "Alikaa kwa bibi mujane mwenye matufaha. Alitaka kukueleza siku ileile. Ulimukatia."

"Mama, naweza kumupigia?"

"Apana, mwanangu. Alikungojea miaka mbili. Ameolewa kule Poland, mujini Lublin, ana mutoto."

Hamissi akatazama vidole vyake. "Ana raha?"

"Ana raha. Usimuharibie."

Akaomba ruhusa ya barua moja tu, ambayo mama angeisoma kwanza, maana barua kwa mke wa mtu haiendi kwa siri. Akaja nayo kesho yake. Ilikuwa ramani ndogo ya wilaya ya Uman, mpaka mpya kwa nyekundu, umezunguka hadi juu kaskazini. Chini yake maneno machache:

*Dada yangu Amira. Zhashkiv imo ndani ya mpaka. Ulisema kweli, ramani yangu ndiyo ilikuwa ya zamani. Sikuuliza. Usijibu.*

Mama Mwanvua aliisoma mara mbili. Akailamba bahasha, akaifunga, akaikandamiza kwa pasi ya moto kama ukosi wa shati. Wakaenda posta pamoja.

"Jina la anayetuma?" akauliza karani.

Hamissi akasogea dirishani. "Andika Mwanvua," akasema. "Mama yake."

Karani akaandika, akagonga muhuri, akaitia barua kwenye mfuko wa Ulaya.