Mvuke wa Eburru

"Ng'ombe wanavuka saa nane," sauti ilisema kwenye simu. "Zizi ni lile la Eburru."

"Wangapi?"

"Sitini."

Simu ikakatika.

Kamande aliacha chai mezani kwenye kibanda cha Gilgil na kuingia kwenye Probox nyeupe. Ng'ombe ni dhahabu. Sitini ni kilo sitini. Saa nane mchana ndege ndogo ingeruka na mzigo huo, na hakuna mtu angeuona tena.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, goti moja bovu, na bastola aina ya Ceska chini ya koti. Idara ya upelelezi ilimtuma peke yake kwa sababu watu wawili wangeonekana.

Kampuni iliitwa Olmaroi Metals. Kwenye karatasi ilikuwa safi. Ilikuwa na leseni ya kutafuta dhahabu, fedha, shaba na zinki. Miaka miwili ilikuwa inatoboa mlima wa Eburru mashimo kama chujio. Lakini dhahabu yake ilitoka ng'ambo ya mpaka, kwenye machimbo ya waasi. Ilikuja Eburru kubatizwa. Ikipata cheti kwamba ni ya hapa, inauzwa popote, na pesa zinarudi kununua bunduki.

Cheti kilitaka sahihi ya mtu mmoja: Chemutai, mtaalamu wa miamba wa kampuni.

Chemutai alikataa kutia sahihi. Halafu akapigia Idara simu.

Kamande aliacha gari mbali na kupanda kwa miguu. Juu ya handaki la kampuni alikuta bomba la chuma limetoka ardhini, limelala kwenye mteremko hadi kwenye pipa. Mvuke wa mlima ulipoa ndani ya bomba ukawa maji. Ti. Ti. Ti. Mlima huo hauna mto. Watu hunywa mvuke.

"Boss!" Mwanamke mnene mwenye leso kichwani alisimama na jembe. "Ukikanyaga hiyo paipu tutajuana mimi na wewe."

"Pole, mathe."

"Pole haijazi pipa. Pitia huko."

Alipitia huko.

Chemutai alimngoja mlangoni mwa handaki, kofia ya plastiki kichwani, redio ya Motorola kiunoni.

"Tumetoboa mashimo thelathini," alinong'ona wakiingia. "Hakuna dhahabu hata ya kutengeneza kipini. Ile ya wizi wameficha huku, kwa masanduku ya sampuli."

Kamande alimulika tochi. Masanduku yalikuwa yamepangwa hadi darini, yamejaa vipande vya mwamba vya mviringo, virefu kama rungu. Sanduku la mwisho lilikuwa tupu.

Lililofuata pia.

"Wamehamisha," Chemutai alisema.

Nyuma yao mlango wa chuma ukagonga.

Kufuli ikalia. Klak.

Kamande alifika mlangoni kwa hatua nne. Bati lake lilikuwa nene kama kidole. Risasi ingerudi kumtafuta mwenyewe. Alitoa simu. Hakuna mtandao. Mlima mzima ulikuwa juu ya vichwa vyao.

Redio ikakoroma.

"Madam Chemutai." Alikuwa Hartwig, mkurugenzi, mgeni aliyekaa nchini miaka kumi na minane. "Unaona karatasi chini ya mlango? Tia sahihi. Kiptum, askari wangu hapo nje, atawafungulia mwende nyumbani. Mkikataa, saa saba na nusu handaki linaanguka. Ajali kazini. Nitalia kwenye mazishi yako."

Karatasi iliingia chini ya mlango, na kalamu juu yake.

Ilikuwa saa sita na robo.

Chemutai aliitazama kalamu. "Niko na mtoto wa miaka mitatu," alisema.

"Ukitia sahihi anatuua akiwa na cheti. Usipotia, anatuua bila cheti."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo usiwe na haraka."

Kamande alizunguka handaki. Lilikuwa hatua ishirini, halina pa kutokea. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa uliozibwa kwa simiti, na kutoka kwenye simiti bomba lilipanda na kupotea darini. Aliligusa. Lilimchoma.

"Hii ni ile ya yule mama?"

"Mama Tabby. Nyumba kumi na moja zinakunywa hapo. Mwezi jana dereva wetu aliigonga na lori. Alikaa mbele ya mtambo wa kutoboa kutoka asubuhi mpaka jioni. Hakuna mtu alifanya kazi."

Kamande alitazama kiungo cha bomba. Akatazama spana kubwa ya mafundi iliyoegemea ukuta.

"Anateka saa ngapi?"

"Saa saba. Ng'ombe wake wakirudi." Chemutai alielewa. Uso ukambadilika. "Ukifungua hapo, mvuke wote unaingia humu. Tutaiva kama nduma."

"Pipa likikauka atakuja kuuliza. Lala mlangoni. Weka pua chini."

Alivua koti, akalifunga mikononi, akashika spana. Kiungo kiligoma. Akakiegemea na uzito wake wote, goti bovu likilia.

Kikalegea.

Mvuke ulitoka ukinguruma. Kamande alianguka nyuma, ngozi ya shingo ikiwaka, akatambaa gizani hadi mlangoni. Walilala kifudifudi bega kwa bega, wakivuta pumzi kwenye nafasi ya vidole viwili chini ya mlango.

Joto lilishuka kutoka darini kama blanketi.

Saa sita na nusu. Saa saba kasoro robo. Kila pumzi ilikuwa na ladha ya yai bovu. Karatasi ya cheti ilirowa na kukunjamana kati yao. Chemutai aliacha kuzungumza, kisha akaanza kuomba kwa Kikalenjin, polepole.

Saa saba na dakika tano.

Saa saba na kumi na mbili. Kamande hakuhisi tena mikono yake.

"Hakuji," Chemutai alisema.

Redio ikakoroma.

"Hartwig kwa Kiptum. Muda haungoji tena. Washa utambi, mimi natoka na mzigo."

"Mzee..." Sauti ya askari Kiptum ilisita. "Kuna shida. Mama Tabby amefika."

"Mfukuze."

"Amekaa juu ya baruti, mzee."

Nje ya mlango, kwa sauti isiyohitaji redio: "Kiptum! Nani ako ndani na paipu yangu?"

"Hakuna mtu, mathe."

"Kama hakuna mtu, maji yangu imekunywa na nani? Mlima?"

Kamande aligonga bati kwa kitako cha Ceska. Mara tatu.

"Huyo hakuna mtu anabisha," Mama Tabby alisema. "Fungua. Chai unakunywa hapa kila asubuhi inatoka pipa gani? Ya Hartwig?"

"Kiptum! Washa!" redio ilipiga kelele. "Na hawa wanawake wengine wanafanya nini barabarani? Waambie watoe mitungi yao!"

Kufuli ikalia.

Wingu jeupe lilimwagika nje. Kiptum alirudi nyuma, funguo mkononi, kiberiti kikianguka. Ndani ya wingu akatoka mtu mwekundu shingoni, shati limeganda mwilini, bastola imeelekezwa chini.

"Asante, boss," Kamande alimwambia. "Kaa hapo."

Getini, Land Cruiser ya kijani ilinguruma bure. Mbele yake mitungi ya manjano ilikuwa imepangwa barabara nzima, na nyuma ya mitungi wanawake tisa, wamekaa.

Kamande alifungua mlango wa dereva.

"Shuka."

Hartwig alitazama Ceska, akatazama saa yake. Saa saba na dakika ishirini na sita. Akashuka.

Chini ya vipande vya mwamba, kwenye masanduku matano nyuma ya gari, dhahabu ililala imefungwa kwa magazeti. Chemutai aliihesabu akiwa ameketi chini, mtungi wa maji mapajani. Ilitimia.

Kamande alipata mtandao penye kilima.

"Ng'ombe?" sauti iliuliza.

"Hawajavuka. Leteni lori na pingu."

Alikata simu. Mama Tabby alikuwa amesimama mbele yake na jembe.

"Na paipu yangu?"

Kamande alimtazama. Kisha akamkabidhi Chemutai bastola, akafunga kitambaa kilicholowa puani, akarudi ndani ya handaki na spana.

Alikaa dakika nne.

Alipotoka alikuwa na koti mkononi, akalitupa begani, akashuka mteremko kwenda kuleta Probox, akizunguka bomba kwa mbali.

Nyuma yake pipa lililia.

Ti.