Bakuli la Sauti ya Turei

Chipsi zilikuwa na ladha ya matope. Huria, mtoto wa miaka minane, aliitema ya kwanza kiganjani, akamtazama baba yake.

"Baba, hizi zina tope."

Nikora hakugeuza hata shingo. Raga ilikuwa inaendelea kwenye televisheni. "Kula wewe, acha madeko. Pakiti nimeifungua sasa hivi."

Ubaya haukuwa kwenye pakiti. Ulikuwa kwenye bakuli, na bakuli lenyewe Nikora alilitengeneza kwa mikono yake. Mji mzima wa Wairoa ulijua mtu huyu anavyoipenda bendi ya Auahi, vijana wa roki wa hapahapa mjini, na hasa santuri yao ya kwanza, ile waliyoirekodi kabla mwimbaji wao, Turei, hajazama mtoni. Zimebaki chache mno. Nikora alikuwa nazo mbili: moja nzima, aliyoifuta vumbi kwa fulana laini kama anayemwogesha mtoto mchanga, na moja iliyokwaruzika. Hiyo ya pili aliilainisha kwenye oveni, akazikunja kingo, ikawa bakuli. Eti ni heshima kwa bendi. Heshima gani hiyo, jamani!

Mkewe, Merania, alipoliona alishika kiuno.

"Nikora, umerukwa na akili? Hiyo ni sauti ya marehemu. Unamtilia Turei chakula mdomoni?"

"Plastiki hiyo, mama. Plastiki tupu."

"Kwani bibi yako hakukufundisha kwamba vitu vya wafu havikai na chakula?"

"Turei mwenyewe alipenda chipsi," akajibu, akacheka.

Jumatatu Huria aliamka hana sauti. Si kwamba koo lilikauka, la. Midomo ilicheza, ulimi ukacheza, kisitoke kitu. Na wiki iliyofuata ndiyo alikuwa aongoze nyimbo za shule mbele ya wazazi. Daktari akammulika koo, akasema ni zima kabisa. Merania aliporudi naye nyumbani alilakiwa na harufu ya tope na magugu ya mto, na pale mezani bakuli, tupu, lilikuwa linavuma taratibu, mlio mzito wa mwanamume anayeimba amefumba mdomo, na kila alivyolisogelea mlio ulipanda, ukapita kwenye vijiko, ukapita kwenye vioo vya dirisha, ukamwingia kwenye meno, mpaka akautambua, maana ni nani hapa asiyeujua wimbo wa kwanza wa upande wa kwanza, ila safari hii aliyekuwa anauimba alikuwa na hasira.

Akampigia simu Ripeka, dada yake Turei, mama anayezijua sala za zamani za kutuliza wafu. Ripeka alifika mchana uleule. Hakusalimia mtu.

"Nani kamlisha kaka yangu viazi?"

Nikora akainamisha kichwa. "Mimi, mama Ripeka. Sikukusudia..."

"Nyamaza! Hukukusudia nini? Siku tuliyompata, tope la mtoni nililitoa mdomoni mwake kwa vidole vyangu hivi. Hivi hapa, vitazame! Na wewe ukamjaza tena?"

Alinyunyiza maji kila pembe, akasali kwa lugha ya wazee mpaka jasho likamtoka na mvumo ukapungua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Anaitaka sauti yake. Hii uliyoiharibu na ile nzima. Nitazizika zote mbili kaburini, miguuni pake, leo hii. Ukimnyima moja, naye atabaki na sauti ya mtoto."

"Mpe, Nikora," Merania akanong'ona. "Nakuomba, mpe upesi."

Nikora aliingia chumbani, akakaa huko kitambo. Alitoka na jalada lililofungwa kwa utepe, machozi yanamtoka. Hata Ripeka akalainika, akamgusa bega. Jioni ile, Ripeka alipokwisha kuzika, Huria aliomba maji kwa sauti yake mwenyewe, na Merania akamkumbatia akalia kwa kwikwi.

Sisi majirani tulishangilia. Tungejuaje kwamba ndani ya lile jalada mlikuwa na santuri ya nyimbo za Krismasi? Baba mzima! Ile santuri nzima aliificha nyuma ya kabati, akawa anamvizia mkewe atoke. Wafu nao hudanganyika, ila si kwa siku nyingi.

Jumamosi Merania alimwambia anakwenda dukani. Huria alibaki jikoni akifanya mazoezi ya wimbo wa shule. Nikora akafunga mlango wa sebule, akaitoa santuri, akaiweka kwenye gramafoni, akashusha sindano. Mkwaruzo kidogo, gitaa, ngoma. Kisha, mahali pa Turei, akaimba mtoto.

Alikuwa Huria. Sauti safi, haikosei neno, na maneno yale hakuna aliyewahi kumfundisha, na harufu ya mto ikapanda kutoka kwenye zulia, na kule jikoni wimbo wa shule ukakatika katikati kama uzi.

Merania hakuwa amefika hata getini. Alirudi mbio, akapiga mlango teke, amemshika mtoto mkono. Huria alikuwa ameachama, machozi yanamchuruzika, hakuna kinachotoka.

"Inua sindano! Nikora, inua sindano, unamuua mtoto!"

Nikora hakugeuka. Uso ulikuwa umelowa machozi, na alikuwa anatabasamu. Akainua kiganja kuwanyamazisha.

"Ngoja kidogo," akasema. "Wimbo uishe."